Wasifu wa marehemu: kazi ya kuanzia siku ya kwanza ya msiba hadi Desemba

Misiba mingi ya Moshi na Arusha ina dakika chache ambazo maisha ya marehemu husimuliwa tangu kuzaliwa hadi kufa mbele ya watu wote waliomfahamu: ndugu, majirani, wanajumuiya, watu wa kazini. Dakika hizo hazirudi. Hata hivyo wasifu mwingi huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na binamu mwenye kompyuta, amezungukwa na watu wanaobishana kama mama alizaliwa 1941 au 1944. Asubuhi kinachosomwa ni orodha: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua, ameacha. Ukibadilisha jina, wasifu huohuo unamfaa mtu yeyote wa umri wake.

Chanzo ni mpangilio wa kazi. Watu huanza kuandika kabla ya kukusanya, tarehe zinakula usiku mzima, na yale ambayo kila mtu angemtambua nayo marehemu hayapati hata aya moja. Mwongozo huu umepangwa kwa msiba wa siku nne kabla ya siku ya mazishi, pale watoto wanaposubiriwa kutoka Dar es Salaam, Mwanza au nje ya nchi. Familia za Kiislamu, zinazozika siku hiyohiyo au kesho yake, zifanye kazi hiihii zikilenga hitima ya arobaini. Mazikoni hakuna haja ya kukimbizana na karatasi.

Siku ya kwanza: mtu mmoja, daftari moja

Kikao cha kwanza cha msiba kinapogawa kazi za jeneza, chakula, usafiri na kaburi, kimtaje na mtu wa wasifu. Awe mmoja. Anayefaa ni mjukuu mkubwa, mkwe au mpwa: yuko karibu vya kutosha kuuliza lolote, lakini hajaelemewa kama mtoto wa kuzaa. Mjane asipewe kazi hii, wala asiulizwe maswali siku ya kwanza. Mwacheni apumzike, mtamfuata siku ya pili asubuhi kabla wageni hawajajaa.

Anunue daftari la kurasa 96 na kulipanga mapema: kurasa kumi za mwanzo kwa tarehe, kumi zinazofuata kwa majina ya ukoo, zilizobaki kwa maneno ya watu. Kila taarifa iandikwe na jina la aliyeisema pembeni. Faida yake utaiona siku ya tatu, shangazi na baba mdogo watakapotaja miaka miwili tofauti ya harusi moja.

Simu isaidie, isichukue nafasi ya daftari. Kundi la WhatsApp la msiba lina michango, ramani za njia na pole mia tatu, kwa hiyo taarifa ikiwekwa humo jioni, asubuhi huioni tena.

Tarehe

Anza na karatasi kabla ya vinywa. Omba kitambulisho cha taifa, kadi ya mpigakura, kadi ya bima, cheti cha ndoa, cheti cha ubatizo na barua ya kwanza ya ajira kama alikuwa mtumishi. Karatasi hizi mara nyingi hupingana. Kwa mtu aliyezaliwa kabla ya uhuru, tarehe iliyo kwenye kitambulisho huenda ilikadiriwa dirishani siku ya kujiandikisha. Ukiona 1 Januari au 1 Julai, itilie shaka. Barua ya ajira nayo wakati mwingine ilipunguza umri ili mtu astaafu baadaye.

Karatasi ya kuaminika zaidi kwa wazee wa Kikristo ni kitabu cha ubatizo. Kwa KKKT (Walutheri) kiko ofisi ya usharika, kwa Wakatoliki kiko parokiani, na kinachohitajika ni cha mahali alipobatizwa, hata kama anazikwa au aliolewa kwingine. Misheni za miaka ya 1890 kama Kilema, Kibosho na Machame zina vizazi vya ukoo katika vitabu. Nenda siku ya pili asubuhi na majina ya wazazi wake, maana jina lake peke yake halitoshi pale ambapo Maria walikuwa ishirini kwa mwaka. Vitabu vingi vya zamani vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini: Yohane utamkuta Joannes. Usimwambie katibu hayumo kabla hujatafuta kwa sura hiyo.

Angalia usichanganye tarehe mbili zilizo kwenye mstari mmoja, ya kuzaliwa na ya kubatizwa. Kosa hili ni la kawaida sana, na ndilo linalowafanya watu wazima waonekane wadogo kwa miaka kumi, kwa sababu wengi walibatizwa wakiwa tayari wanachunga mbuzi.

Kama hakuna karatasi, tafuta mwaka kwa kumbukumbu za watu. Mwulize mzee wa umri wake, “Alikuwa amefikia wapi wakati…?” Haya ndiyo matukio yanayokumbukwa upande wetu:

– Vita vya Pili vya Dunia, 1939 hadi 1945. Wazee wengine husema vita vya Hitler.
– Utawala wa Mangi Mkuu Thomas Marealle kwa Wachaga, 1952 hadi 1960.
– Uhuru, 9 Desemba 1961, na mwenge kuwekwa kileleni Kilimanjaro.
– Azimio la Arusha, Februari 1967.
– Kufunguliwa kwa hospitali ya KCMC mjini Moshi, Machi 1971.
– Vyama vya ushirika kuvunjwa, 1976. Wakulima wa kahawa hawausahau mwaka huo.
– Mpaka wa Kenya kufungwa, Februari 1977, na kufunguliwa tena Novemba 1983. Kwa watu wa Rombo, Holili na Namanga hiki ni kipimo kizuri kuliko vyote.
– Vita vya Kagera, 1978 na 1979.
– Kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine, 12 Aprili 1984.
– Mvua za El Nino, 1997 na 1998.
– Kifo cha Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba 1999.

Jibu linalofaa ni la namna hii: “Uhuru ulitukuta darasa la pili, yeye alikuwa mbele yangu darasa moja.” Hapo una kitu cha kuhesabia, ingawa watoto wa zamani hawakuanza shule kwa umri mmoja, kwa hiyo acha nafasi ya miaka miwili au mitatu. Darasa nalo linasema. Mtu aliyemaliza darasa la nane alimaliza kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, kwa sababu baadaye msingi ulikuwa darasa la saba. Kwa Waarusha, Wameru na Wamasai, uliza rika: Seuri, Makaa, Landis au Korianga. Rika halikupi mwaka wa kuzaliwa, lakini linakupa kizazi, na wenzake wa rika wenye cheti watakusaidia kukaribia.

Ukikosa kabisa, andika “alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940” na uendelee. Hilo ni jibu la heshima. Tarehe kamili ya kubuni ikishachapwa kwenye kijitabu na kuchongwa kwenye msalaba, wajukuu wataichukua kuwa kweli. Ila hakikisha inayosomwa haigongani na ile itakayopelekwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa cheti cha kifo bila familia kujua. Kifo huandikishwa ndani ya siku 30, na tofauti ya majina au tarehe husumbua baadaye kwenye mirathi, benki na mafao.

Majina na mahali

Andika majina yote aliyowahi kuitwa: la ubatizo, la nyumbani, la utani la kazini, na lile ambalo wakwe walimpa. Wengi wa watakaokuwa chini ya turubai walimjua kwa jina moja tu. Mama aliyejulikana sokoni kwa jina la mwanawe wa kwanza kwa miaka arobaini, akitajwa kwa jina la cheti pekee, watu wa sokoni watadhani wamekosea msiba.

Kwa familia za Kichaga, majina ya watoto yanasaidia kurudisha yaliyosahaulika. Kwa desturi mtoto wa kiume wa kwanza hurithi jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi. Pale ambapo hakuna anayekumbuka jina la mama wa marehemu, angalia binti wa pili wa marehemu anaitwa nani nyumbani, kama marehemu alikuwa mwanamke. Kama alikuwa mwanamume, angalia binti wa kwanza. Kisha thibitisha kwa mzee, maana si kila nyumba ilifuata.

Mipaka imebadilika, kwa hiyo andika mahali kwa jina la kijiji kwanza, halafu wilaya ya sasa. Siha ilikuwa Hai. Longido ilikuwa Monduli. Aliyezaliwa Babati au Mbulu kabla ya 2002 karatasi zake zinasema Mkoa wa Arusha, na sasa ni Manyara.

Watoto, wenza na wajukuu

Hapa ndipo wasifu huharibika hadharani, na ndipo unapohitaji ujasiri na upole kwa pamoja.

Chora jedwali. Safu ya kwanza watoto wote wa marehemu kwa mpangilio wa kuzaliwa, walio hai na waliotangulia. Safu ya pili watoto wa kila mmoja. Safu ya tatu wajukuu wa kila mmoja, ambao kwa marehemu ni vitukuu. Jaza kwa kumwuliza kila mtoto wa marehemu kuhusu nyumba yake tu, kamwe usimwulize mmoja kwa niaba ya wote. Ukimaliza, hesabu safu, na namba utakayoisoma itoke humo. “Ameacha wajukuu 23” ya kukisia husahihishwa kwa sauti kutoka kwenye viti vya nyuma, na mtoto aliyesahauliwa ni yule aliyesafiri usiku kucha kuja kuzika.

Amueni mapema kama mnahesabu wajukuu wa kuzaa tu au na wajukuu wa kaka na dada, ambao kwetu nao ni wajukuu. Njia iliyo wazi ni kutaja namba ya wa kuzaa, kisha kusema “pamoja na wajukuu wengi wa ukoo”.

Waliotangulia watajwe kwa majina. Mtoto aliyefariki akiwa na miezi sita ni sehemu ya maisha ya mama yake. Mwulize mjane, au dada wa marehemu, maana hao wanakumbuka hata mwezi. Sentensi moja inatosha: “Walijaliwa watoto saba, wawili walitangulia wakiwa wadogo.” Kama familia inapenda, ongeza majina.

Watoto wa nje ya ndoa, mke wa pili, na mke wa kwanza aliyeondoka: mambo haya yasikutwe na msomaji akiwa na maiki mkononi. Siku ya pili jioni mwenye daftari amwendee mkuu wa ukoo au msimamizi wa msiba, amwonyeshe jedwali, na kikao cha watu wachache kiamue. Maoni yetu ni kwamba kila mtoto ambaye marehemu mwenyewe alimtambua atajwe kama wengine, katika mpangilio wa kuzaliwa, bila maelezo ya mama yake ni nani. Kumwacha hakumfuti. Kunamfanya asimame makaburini akisikia kwamba hayupo, na ugomvi unaoanza hapo huishia mahakamani kwenye mirathi. Wasifu si hati ya urithi wala hauamui nani arithi nini, na ni vizuri mkuu wa ukoo aliseme hilo wazi kikaoni, kwa sababu wanaopinga jina kutajwa mara nyingi wanaogopa shamba.

Pale ambapo kikao kimeshindwa kukubaliana, tumieni neno la jumla, “ameacha watoto, wajukuu na vitukuu”, bila namba na bila majina. Ni pungufu kwa wote, lakini hakuna aliyechaguliwa kuachwa.

Kuwauliza wazee

Siku ya pili na ya tatu, msibani pamejaa watu waliomjua marehemu tangu utoto, na wako pale kwa saa nyingi. Hutawapata pamoja tena. Kaa nao kwa zamu chini ya migomba au karibu na moto, mmoja kwa dakika kumi na tano. Rekodi kwa simu ukishaomba ruhusa, iweke karibu na kinywa, mbali na jenereta na spika ya kwaya. Anza na wakongwe, maana ndio wanaochoka na kuondoka mapema.

Swali la “Alikuwa mtu wa namna gani?” halifai. Jibu lake ni “mkarimu, mcheshi, mpenda watu”, na kila marehemu duniani yuko hivyo. Uliza vitu vya mikono na vya siku. Aliamka saa ngapi, na cha kwanza kufanya kilikuwa nini? Shamba lake ungelitambuaje kwa kulipita tu? Alikaa wapi kanisani? Alikuwa anasemaje akikasirika, neno kwa neno, hata kama ni kwa Kimachame au Kirombo? Alipika nini ambacho hakuna mwingine aliyepatia? Ni kitu gani alikataa kuuza? Nani alimsomesha, na yeye alimsomesha nani?

Swali la mwisho huleta mengi. Nyumba nyingi za mlimani zilisomesha watoto wa ndugu kwa fedha za kahawa, na wenyewe hawakusema. Mtu mzima mwenye kazi yake atasimama msibani akueleze kwamba ada yake ya kidato cha kwanza ilitoka kwa marehemu. Mwombe mwaka, shule na ruhusa ya kumtaja.

Kuandika

Siku ya tatu mchana, andika. Msomaji mtaratibu mbele ya maiki husoma karibu maneno 100 kwa dakika. Dakika saba ni maneno 700, na hicho kiwe kikomo chako. Ukipita hapo, watu wa juani wanaanza kuongea, na mchungaji anaangalia saa.

Gawa hivi: kuzaliwa, wazazi na ndugu, maneno 100; shule na kazi, 150; ndoa na watoto, 100; imani na utumishi, 100; ugonjwa na kifo, 50. Maneno 200 yanayobaki ni ya mambo mawili au matatu uliyoyapata kwa wazee. Usiyaweke mwishoni kama nyongeza. Yaingize pale yanapohusika, kwenye kazi, kwenye ndoa, kwenye imani.

Tazama tofauti. Wasifu wa kawaida unasema: “Marehemu alikuwa mkulima hodari wa kahawa na alipenda kazi yake.” Baada ya kuuliza, aya hiyo inaweza kuwa hivi: “Msimu wa kahawa baba alimenya mwenyewe kwa mashine ya mkono, jioni ileile iliyochumwa, hata kama ni kwa mwanga wa chemli. Alisema ikilala na ganda imeshaharibika. Aliyeleta tunda bichi kwenye debe alirudishiwa debe lake bila neno, na watoto wote wa mtaa wa juu walijifunza kuchuma kwa kuogopa ukimya huo.” Ni maneno kama hamsini, na waliomfahamu watatikisa kichwa.

Vyeo viwe vichache. Aliyekuwa mzee wa kanisa, mweka hazina wa chama cha msingi, mjumbe wa kamati ya shule na balozi wa nyumba kumi, taja kile alichokikalia muda mrefu na ulichoweza kuthibitisha miaka yake. Shukrani nazo ziondoe kabisa kwenye wasifu. Madaktari, wauguzi, majirani, chama cha kufa na kuzikana na waliochangia wana nafasi yao kwenye neno la shukrani la familia. Zikisomwa mara mbili zinapoteza uzito mara zote mbili.

Kama mwili unaagwa Arusha mjini kisha unapelekwa kuzikwa Rombo, Machame au Upare, soma maandishi yaleyale pande zote mbili. Kuandika moja la watu wa ofisini na jingine la kijijini ni kukaribisha maneno, na siku hizi mtu wa Njiro, Arusha, na mtu wa Mkuu, Rombo, wanapigiana simu kabla gari halijafika Himo.

Kuhusu ugonjwa, ukweli mfupi unatosha. “Aliugua kwa muda na alitibiwa hospitalini hadi mauti yalipomfika tarehe…” Jina la ugonjwa litajwe tu kama marehemu mwenyewe hakulificha, au familia ya karibu imeafiki. Lawama kwa hospitali, dereva au ndugu zisiingie hata kwa mafumbo.

Malizia kwa desturi ya imani yake. “Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe” limetumika sana kwa sababu linabeba. Lakini kama alikuwa na mstari wake, aliousema kila mwisho wa sala ya jioni, tumia huo.

Rasimu isomwe kwa sauti usiku wa siku ya tatu mbele ya watu watatu tu: mjane au mtoto mkubwa, ndugu mmoja wa damu, na mmoja wa upande wa wakwe. Wasahihishe majina, tarehe na hesabu. Mitindo ya sentensi isijadiliwe saa tano usiku.

Picha na kijitabu

Picha ya jalada huchaguliwa vibaya kwa sababu moja: inachukuliwa kutoka WhatsApp, ambako picha hupunguzwa ubora kila inapotumwa. Ikichapwa kubwa, uso unakuwa madoa. Ili upate upana wa sentimita 10 ulio safi, picha iwe na angalau pikseli 1,200 kwa upana. Mwambie aliyenayo aitume kama dokumenti, au ihamisheni kwa waya. Picha ya zamani ya karatasi ipelekwe steshenari iskaniwe kwa 600 dpi. Mkikosa skana, ipige kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba kabisa na picha. Picha zilizong'ang'ania kwenye albamu ya gundi usizibandue, zitachanika. Funua nailoni na uzipige hapohapo.

Chagua picha ya miaka ambayo watu walimjua akiwa na nguvu. Ya wiki za mwisho kitandani iache.

Karatasi ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5, kwa hiyo kijitabu huwa na kurasa 4, 8 au 12. Ukipeleka kurasa sita, mchapaji atakuongezea mbili tupu. Kurasa nane hutosha: jalada, ratiba, wasifu kurasa tatu, nyimbo mbili, picha. Kama mnazika saa nane mchana, faili iwe steshenari kabla ya saa nne asubuhi ya siku iliyotangulia, maana umeme ukikatika bado mna jioni. Chapa nakala moja kwanza, isomwe na mtu ambaye hakuandika, ndipo zitoke zote. Nakala moja kwa watu watatu au wanne inatosha. Ishirini ziwekwe pembeni tangu mwanzo kwa ajili ya familia, usharika na ndugu ambao hawakufika.

Kusoma

Msomaji awe mtu aliyesoma hadharani kabla, na awepo wa akiba aliyekaa karibu naye na nakala yake. Mtoto wa marehemu akitaka kusoma mwenyewe, apewe nafasi, na wa akiba asimame kabisa pembeni.

Chapa nakala ya maiki kwa fonti ya saizi 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba. Miaka iandikwe kwa maneno juu ya tarakimu, kwa kuwa “1942” humfanya msomaji asite. Majina ya Kichaga ayajaribu kwa sauti na mtu wa eneo hilo, kwani Kivunjo, Kimachame na Kirombo havitamki sawa. Masika, Machi hadi Mei, karatasi ziwe ndani ya nailoni. Upepo wa mchana unapopiga turubai, maiki ishikwe chini kidogo ya kidevu.

Msalaba na kaburi

Fundi wa msalaba huletewa maandishi kwa simu, tena na mtu aliye njiani. Hapo ndipo herufi huruka. Mpelekee karatasi yenye herufi kubwa, iliyonakiliwa kutoka kwenye daftari: jina, mwaka au tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki. Mtu mmoja aende kuusoma kabla rangi haijakauka. Kaburi la saruji na vigae lisijengwe haraka. Udongo uliofukuliwa hushuka, hasa baada ya mvua, na saruji iliyowahi hupasuka. Subirini angalau masika moja ipite, na hapo mtakuwa mmepata pia nafasi ya kusahihisha tarehe.

Baada ya kuanua matanga

Simu ya marehemu ndicho kitu cha kwanza cha kulinda, na ndicho cha kwanza kupotea. Mjukuu anapewa, anaifuta, na sauti yake inakwenda nayo. Kabla haijaguswa, hamisheni picha, video na jumbe za sauti kwenye kompyuta au kadi mbili za kumbukumbu zilizokaa nyumba mbili tofauti. Kila mtoto pia atafute jumbe za sauti alizotumiwa yeye. Laini isiyotumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, kwa hiyo kama kuna fedha kwenye laini hiyo, au namba imefungamana na benki, msimamizi wa mirathi ashughulikie mapema.

Daftari bado lina mengi ambayo hayakuingia kwenye maneno 700. Lichapwe lote ndani ya mwezi mmoja, rekodi za wazee zikisikilizwa tena na kuandikwa, zile za Kichaga, Kimeru au Kimaasai ziandikwe kwa lugha yenyewe na tafsiri ya Kiswahili chini yake. Usisubiri zaidi, kwa sababu sauti zenye kelele za msiba hueleweka tu na aliyekuwepo.

Rasimu ndefu ipelekwe Desemba. Ndugu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, wazee, watoto na wajukuu wako kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, kwa wiki nzima, na mkiwa na ibada ya kumbukumbu wakati huo, kila mtu amekuja akiwa na jambo la kuongeza. Tundika ukutani jedwali la watoto na wajukuu, penseli ikining'inia pembeni, kila nyumba ijisahihishe. Piga picha ya ukoo mzima siku hiyo, andika majina nyuma yake kuanzia kushoto, mstari kwa mstari, wakiwa bado wamesimama.

Nakala ya mwisho ichapwe tano au sita. Moja ibaki nyumbani kwa anayekaa kihambani, ndani ya bahasha ya nailoni na sanduku la bati, kwenye rafu iliyoachana na ukuta. Nyumba za juu mlimani zina unyevu mwezi hata mwezi, na mchwa hupitia ukutani. Moja mpelekee mchungaji au katibu wa parokia. Nyingine iende kwa shangazi mkubwa kuliko wote, hata kama macho yake hayasomi tena. Wajukuu watamsomea, na atawaambia palipokosewa.